Hariri yenye maandishi: tofauti ya herufi iliyofumwa na herufi iliyotariziwa katika nguo za Makka na Madina

Mwanzisha uzi

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Wiki iliyopita ilibandikwa hapa picha ya kitambaa cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu yanayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na mabishano yakachukua siku tatu. Wapo waliosema ni kiswa, yaani nguo inayovikwa Kaaba, wapo waliosema ni bendera ya zawiya, na mmoja akasema ni pazia la dukani tu. Sikuona hata mmoja aliyeuliza swali ambalo kwa maoni yangu lilistahili kutangulia mengine yote: je, herufi zile zimefumwa au zimetariziwa? Nimeona nifungue uzi huu kwa ajili ya swali hilo peke yake, kwa sababu ukishalijibu utajua mengi kuhusu kitambaa kabla hujasoma hata neno moja lililoandikwa juu yake.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya nguo hizi bila sisi kujua. Tunaposema kutarizi tunatumia neno lenye asili moja na tirazi, yaani ukanda wa maandishi uliofumwa au kushonwa kwenye mavazi ya makhalifa, ukitaja jina la khalifa, dua ya kumwombea, na mara nyingi jina la karakana na mwaka. Miji ya Tinnis na Dimyat, huko Misri, ilisifika kwa kazi hiyo, na Tinnis ilifuma pia nguo za Kaaba katika enzi za Waabbasi. Na tunaposema dibaji ya kitabu, neno hilo chimbuko lake ni dibaji ya kitambaa, hariri nzito ya nakshi. Waarabu waliufananisha ukurasa wa mwanzo uliopambwa na kitambaa hicho, kisha jina likabaki kwenye kitabu, nasi tukalipokea likiwa limekwisha kusahau hariri yake.

Sasa nije kwenye kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia. Kila kitambaa kina mtande, yaani nyuzi za urefu zilizotandazwa tayari, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukingama. Herufi iliyotariziwa huja baada ya kitambaa kukamilika: fundi huchukua sindano na kuiandika juu yake. Herufi iliyofumwa haiji baadaye. Inazaliwa pamoja na kitambaa, mshindio kwa mshindio, kwa sababu mahali fulani uzi umeruka juu ya mtande na mahali pengine umezama chini yake. Huwezi kuitoa herufi hiyo ukabaki na kitambaa. Ukizifumua nyuzi zake, umekifumua kitambaa chenyewe.

Wafumaji wa Bursa na Istanbul, katika dola ya Waothmani, walitumia mfumo wenye mitande miwili na mishindio ya aina mbili. Mtande mkuu ulitoa uso laini wa atlasi, yaani hariri yenye mng'ao. Mtande wa pili, mwembamba zaidi, kazi yake ilikuwa kuzishika nyuzi za mshindio zinazochora herufi ili zisilegee wala kuning'inia. Kitambaa cha namna hiyo wao hukiita kemha. Mfumaji hakuweza kukifuma peke yake, kwani palihitajika msaidizi wa kuvuta kamba za mchoro, na kila mvuto ulinyanyua nyuzi maalumu za mtande ili mshindio mmoja upite mahali pake. Kuzifunga kamba hizo kwa mchoro mmoja kulikuwa kazi ndefu ya kuchosha, lakini zikishafungwa, mchoro ule ule ungeweza kurudiwa mara mia bila kazi mpya.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizingatie. Kitanda kinachofuma mchoro kwa kamba zilizofungwa mara moja hupendelea kukariri. Kwa hiyo maneno yanayofaa kufumwa ni mafupi, yanayosemeka tena na tena: shahada, tasbihi, majina ya Mwenyezi Mungu, salawati. Aya ndefu ambayo haitarudiwa hugharimu sana kufumwa, na kwa kawaida hupelekwa kwa mwenye sindano. Kilichofumwa hukariri kama mtu aliyeketi katika dhikri. Kilichotariziwa husema mara moja, kwa urefu, na kwa dhahabu.

Itazameni kiswa ya leo mtaona mgawanyo huo waziwazi. Mwili wa kiswa ni vipande 47 vya hariri nyeusi, kila kimoja chenye urefu wa mita 14 hivi na upana unaokaribia mita moja. Picha za mbali huonyesha weusi mtupu, lakini aliyesimama karibu na Multazam, ule ukuta ulio kati ya Jiwe Jeusi na mlango, huona maandishi meusi juu ya weusi, yakijitokeza kwa mng'ao peke yake: «Ya Allah», «La ilaha illa Llah, Muhammadur Rasulullah», «Subhanallahi wa bihamdihi, Subhanallahil-adhim», «Ya Hannan, Ya Mannan». Hayo yote yamefumwa, na yanajirudia kutoka juu hadi chini. Kisha, katika theluthi ya juu ya Kaaba, umepita mkanda, yaani hizamu, wenye upana wa sentimita 95 na urefu wa mita zipatazo 47 kuizunguka nyumba nzima, na juu yake zimeandikwa aya za Qur'ani kwa nyuzi za fedha zilizopakwa dhahabu. Huo umetariziwa, sawa na pazia la mlango. Kwa hiyo mwenye kuniambia kwamba kiswa ni nguo ya kutarizi amesema nusu, na mwenye kuniambia ni nguo ya kufuma amesema nusu iliyobaki.

Weusi huu nao si wa tangu awali. Mtume (s.a.w.) aliivika Kaaba nguo za Yemen, Sayyidna Umar na Sayyidna Uthman waliivika kabati, kitambaa cheupe cha Misri. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, aliivika mara tatu kwa mwaka: dibaji nyekundu mwezi wa Mfunguo Tatu, kabati nyeupe Rajabu, na dibaji nyeupe mwishoni mwa Ramadhani. Kabla yake nguo zilikuwa zikirundikwa juu ya nyingine, mpaka al-Mahdi alipohiji mwaka 160 Hijria (777) akaambiwa kwamba uzito ule unatishia kuta zenyewe, akaamuru zivuliwe zote na ibaki moja. Weusi ulikuja na khalifa an-Nasir, aliyeanza kwa kijani kisha akabadilisha, naye alifariki mwaka 1225.

Kwa karne nyingi nguo ya nje ilitoka Misri. Sultani as-Salih Ismail wa Wamamluki, aliyetawala 1342 hadi 1345, aliweka wakfu vijiji ili mapato yake yagharamie kiswa ya kila mwaka, na Waothmani walipoitwaa Misri waliuendeleza utaratibu huo, Sultani Suleiman akaongeza vijiji vingine saba. Tangu enzi za Muhammad Ali, mwanzoni mwa karne ya 19, karakana ilikuwa mtaa wa al-Khurunfish, Cairo. Makka ilipata karakana yake mwaka 1927, na kiswa ya mwisho kutoka Misri ilipelekwa mwaka 1962. Kiwanda cha sasa kipo Umm al-Jud, nje kidogo ya Makka, tangu 1977. Hapa napita haraka, kwa sababu historia hii imeandikwa mno na kila mtu anaijua nusu.

Kisichoandikwa sana ni hariri za Istanbul. Kuanzia zama za Sultani Ahmed wa Kwanza (1603 hadi 1617), nguo ya ndani ya Kaaba na ile ya chumba cha kaburi la Mtume kule Madina zilifumwa Istanbul. Hizi hazikubadilishwa kila mwaka kama ya nje, bali hasa pale Sultani mpya alipotawazwa. Nyekundu ilikuwa ya ndani ya Kaaba, kijani ya Madina, na zote mbili zilikuwa na ile mistari ya zigizaga iliyozua ugomvi wiki iliyopita: ukanda mpana wenye shahada kwa hati ya thuluthi, mwandiko wa Kiarabu wa herufi kubwa za mapambo, kisha ukanda mwembamba wenye maneno mengine, kisha mpana tena. Kwenye nguo za Kaaba hupatikana aya inayosema «Hakika tunaona unavyougeuza uso wako mbinguni», ambayo ni aya ya kibla katika Suratul-Baqara. Kwenye za Madina hupatikana salawati, «Asswalatu wassalamu alayka ya Rasulallah». Majumba ya makumbusho ya Topkapı huko Istanbul, Victoria and Albert huko London, na Metropolitan huko New York yote yana vipande vya namna hii.

Mtarizi wa kofia, Lamu

Maalim, shukrani kwa darsa. Mimi natarizi kofia za viua tangu nikiwa mtoto, na ninakubaliana nawe kwamba sindano na kitanda ni ilimu mbili mbalimbali. Lakini nina pingamizi moja. Unasema mwenye sindano husema mara moja na mfumaji hukariri. Mimi kwenye kofia moja huweza kurudia kiua kimoja mara mia mbili, na hakuna kitanda kinachonilazimisha. Je, hapo si desturi ya fundi badala ya chombo? Pili, sisi tulio mbali na makumbusho tutatambuaje kwa macho? Picha ile ilionyesha upande wa mbele tu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki na ninalikubali kwa sehemu. Sindano inaweza kukariri ikitaka. Kitanda ndicho kinachopata taabu kikitaka kutokukariri. Hata hivyo taabu si kutoweza. Metropolitan wana bendera ya hariri ya mwaka 1235 Hijria (1819 hadi 1820), iliyofumwa kwa hariri na nyuzi zilizoviringishiwa madini, yenye upanga wa Dhulfaqar wa makali mawili, aya za Qur'ani, na sifa za Mtume na za Sheikh Abdulqadir al-Jilani. Maneno ni mengi na kazi ni ya kitanda. Mtu alikuwa tayari kulipa gharama ile, basi ikafumwa. Hivyo yule aliyesema wiki iliyopita kwamba picha ni ya bendera ya zawiya hakuwa mjinga, maana bendera za hariri zilizofumwa zipo kweli. Kilichomkanusha ni kwamba kitambaa cha pichani kinarudia maneno mawili tu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu kutambua, wewe ni fundi na utanielewa kwa maneno machache: pindua kitambaa, tazama mgongo. Kwenye hizamu na mapazia ya Kaaba nyuzi za madini hulazwa juu ya ujazo wa pamba ili herufi ziinuke, kisha hushikizwa kwa uzi mwembamba. Madini yenyewe hayapiti upande wa pili, kwa hiyo mgongoni utaona mishono midogo ya kushikizia na si zaidi. Kwenye kutarizi kwa hariri ya kawaida utaona mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka herufi hadi herufi. Lakini kwenye kemha mgongo ni kama kivuli cha mbele kilichogeuzwa: pale ambapo mbele pana herufi, nyuma pana rangi ya ardhi, yaani uwanja usio na herufi, na pale ambapo mbele pana ardhi, nyuma umejificha uzi wa herufi, umeshikwa vizuri na ule mtande wa pili. Hakuna fundo hata moja. Dalili nyingine ni kipimo. Chukua uzi, pima kutoka alifu moja hadi alifu inayofuata ya neno lile lile. Kwenye kitambaa kilichofumwa kipimo hakibadiliki, na kama mfumaji alikosea kufunga kamba moja, kosa lile lile utalikuta mahali pale pale katika kila marudio. Mkono wa binadamu haukosei kwa uaminifu namna hiyo.

Mchangiaji, Tanga

Samahani kwa kuingilia. Nimeipenda elimu ya ufumaji, lakini naona tunalizunguka jambo zito. Kwanza, hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu. Pili, vipande hivi vilitandikwa juu ya makaburi ya masultani na mashekhe, na katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume aliliona pazia kwenye mlango, akalivuta mpaka akalichana, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuvisha mawe na udongo. Kwa nini tusifu hariri ya makaburini?

Mwanzisha uzi

Sheikh, hukuingilia, umeleta kilichokuwa kikikosekana. Hariri iliyokatazwa ni ya kuvaliwa na wanaume, na mafundi wa Kiislamu waliuchukua mpaka huo kwa uzito, hata India wakabuni kitambaa kiitwacho mashru, maana yake kilichoruhusiwa na sheria, ambacho uso wake ni hariri lakini upande unaogusa ngozi ni pamba. Nguo ya Kaaba haivaliwi na mtu, kwa hiyo haimo katika hukumu hiyo.

Hadithi uliyoitaja inanigusa kwa sababu ya neno lake. Kitenzi kilichotumika hapo, kuvisha mawe, kina mzizi mmoja na kiswa, na mzizi huo huo ndio uliotupa kisua, neno ambalo wazee wetu walilitumia kwa maana ya vazi. Kaaba ilivikwa na Mtume mwenyewe na Makhalifa wake, kwa hiyo imetoka katika makatazo kwa dalili yake. Makaburi ni jambo lingine, na wanazuoni wametofautiana tangu zamani; sitalimaliza mimi humu.

Ila naomba tutenganishe hukumu na habari. Habari ni kwamba nguo ilipovuliwa haikutupwa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliigawa kwa mahujaji. Baadaye Bani Shayba, wenye ufunguo wa Kaaba, walipewa haki ya nguo iliyovuliwa, nao wakaikata vipande na kuwauzia mahujaji. Zile za Madina na za ndani ya Kaaba nyingi zilirudishwa Istanbul, zikatandikwa juu ya makaburi ya masultani na watu wa nyumba zao, au zikatolewa zawadi. Na tukirudi kwenye kufuma, angalieni jinsi kukatwa kulivyowezekana: kwa kuwa maneno yanajirudia, kila kipande kilibaki na shahada kamili ndani yake. Aya ndefu ya hizamu ukiikata unapata nusu ya sentensi. Hariri ya zigizaga ukiikata kwa upana wa viganja kadhaa, mwenye kipande ana maneno yote aliyokuwa nayo mwenye nguo nzima. Sidai kwamba wafumaji walilikusudia hilo. Nasema tu kwamba mkasi wa Bani Shayba ulikutana na kitambaa kinachoustahimili.

Mchangiaji, Kuala Lumpur

Niongeze kidogo kutoka huku. Katika majimbo ya Kelantan na Terengganu, hapa Malaysia, palikuwa na hariri iitwayo kain limar bersurat, yaani limar yenye maandishi. Hiyo haifumwi kwa kamba za mchoro. Nyuzi za mshindio hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kuingia kitandani, na herufi hujitokeza zenyewe wakati wa kufuma, zikiwa na kingo za ukungu kidogo. Ilivaliwa kichwani au begani, ikatumika kufunikia maiti, na kwa heshima ya maneno yake haikuvaliwa kiunoni kushuka chini. Naona hii ni njia ya tatu ambayo mgawanyo wako haukuitaja.

Mwanzisha uzi

Kweli kabisa, na nimefurahi. Hapo herufi ipo ndani ya uzi hata kabla kitambaa hakijakuwepo. Mtarizi wa Lamu atanicheka, maana sasa nina njia tatu na nilikuwa nimesimama juu ya mbili kwa kujiamini sana. Nami nitoe angalizo moja ili tusiongeze ya nne isiyohusika: zile kanzu za kinga zilizojaa aya na jedwali za namba, ambazo baadhi huziona katika picha za Topkapı, nyingi ni pamba zilizoandikwa kwa wino. Hizo ni kazi ya mwandishi, wala si ya mfumaji.

Mwenye picha, Unguja

Maalim na wakubwa zangu, mimi ndiye niliyebandika ile picha. Kitambaa kilikuwa sandukuni kwa marehemu babu, na nyumbani waliniambia tu kwamba «kimetoka Hija». Nimefuata maelekezo. Nimekipindua: hakuna mafundo, na nyuma rangi zimebadilishana, herufi ni kijani na ardhi ni nyeupe. Nimepima kwa uzi kutoka alifu hadi alifu mara sita, na kipimo ni kile kile. Ukanda mpana ni shahada, ukanda mwembamba umeanza na «Asswalatu wassalamu alayka» na mwisho umekatwa. Pembe moja imeliwa na wadudu. Je, ni cha Madina?

Mwanzisha uzi

Mwanangu, umeifanya kazi vizuri kuliko sisi tuliobishana siku tatu. Kwamba kimefumwa, sina shaka tena. Rangi, zigizaga na salawati vyote vinaelekea Madina. Lakini kuelekea si kufika: mtindo huu ulipendwa mno, ukafumwa kwa muda mrefu na kwa viwango tofauti, na hariri zilizofanana nao zilifika mikononi mwa mahujaji bila kupita juu ya chumba cha Mtume. Picha ya simu haiwezi kuzitenganisha hizo mbili, na mtu akikuandikia faragha akidai anaweza, tena akakutajia bei, usimjibu.

Usikioshe, hata kwa maji matupu, kwa sababu rangi za zamani huchuja na hariri iliyochoka hukatika ikiwa imelowa. Usikikunje tena kwenye mikunjo ile ya sandukuni. Tafuta bomba la karatasi ngumu, livike shuka jeupe la pamba lililofuliwa bila sabuni ya manukato, kisha kizungushe juu yake, upande wa herufi ukiwa nje, na ukiweke mbali na jua. Ile pembe iliyoliwa iache ilivyo, wala usimpe fundi aishone. Na kabla hujakizungusha, mpigie picha Mtarizi wa Lamu upande wa nyuma, maana tangu jana ananiandikia kwamba anataka kuuona mgongo huo kwa macho yake.